Jenerali Aliyeshonwa kwa Uzi wa Bata Bukini

Roswitha Habedank aliwashonea waigizaji nguo kwa miaka thelathini na minne katika jumba la michezo la mji wa Hallungen, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutazama nguo kwa mbele kwanza. Ukimpa koti, analipindua. Ukimpa gauni la harusi, analipindua vilevile, hata kama bibi harusi bado yumo ndani na ana haraka. "Mbele ni kwa ajili ya watu," alizoea kusema. "Nyuma ndiko kwenye habari."

Alistaafu mwaka 1997. Mumewe, Gernot, dereva wa treni aliyekuwa ameshastaafu kabla yake, alifurahi kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akagundua kwamba mashati yake yote yamefumuliwa kola na kushonwa upya, mapazia yamegeuzwa, na makochi yamevuliwa nguo zake. Ndipo akamwambia, "Rosi, Jumamosi twende wote chamani. Watu watapenda keki yako."

Chama chenyewe kilikuwa cha wakusanyaji wa nishani za kale za kijeshi. Wanachama walikuwa wanaume kumi na mmoja, mdogo wao akiwa na miaka hamsini na sita, na walikutana mchana, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Mwerezi. Walichokipenda zaidi ni safu za nishani. Zamani za Kaizari, askari mwenye nishani nyingi hakuzibandika kifuani mojamoja kama vifungo. Alimpa fundi azishone pamoja kwenye safu moja, na siku zisizo za sherehe alivaa safu ndogo ya tepe tupu. Kwa kuwa Ujerumani ya siku hizo ilikuwa na watawala wadogowadogo tele, kila mmoja na nishani zake na rangi zake, na kwa kuwa mtu alitanguliza za kwao, mjuzi aliweza kuisoma safu kama anwani kwenye bahasha: huyu katoka Bavaria, huyu kakaa jeshini miaka kumi na mitano, huyu utepe wake ni mweupe wenye mistari myeusi, kwa hiyo hakupigana, alikuwa karani au mganga. Kisha mjuzi hufungua vile vitabu vikubwa vya maofisa vya mwaka baada ya mwaka, akatafuta jina ambalo nishani zake zinalingana. Akilipata, siku hiyo anakunywa bia mbili na kuwasumbua wenzake wote.

Mwenyekiti alikuwa Daktari Volkmar Dietze, aliyeng'oa meno ya nusu ya mji. Safu zake nyingi alizipata enzi za serikali ya kikomunisti, wakati vitu vya Kaizari vilifichwa chini ya kabati watu wakiogopa maswali. Mgonjwa aliingia na jino bovu mdomoni na kibahasha mfukoni, akatoka bila vyote viwili.

Mboni ya jicho lake ilikuwa safu moja ya tepe kumi na moja. Hazikuwa na nishani, tepe tu, zimefifia kidogo, lakini kumi na moja! Daktari alikuwa ameisoma kwa miaka ishirini, na hukumu yake ilikuwa moja: hii ni ya Jenerali Kuno von Drachwitz, shujaa wa kikosi cha farasi. Kitabu cha maofisa kilimpa jenerali huyo nishani saba kati ya zile kumi na moja.

"Na nne zilizobaki?" aliwahi kuuliza Gernot.

"Alisahau kuziandikisha," alijibu Daktari. "Mtu mwenye nishani kumi na moja, Habedank, anasahau."

Alikuwa hata amenunua gulioni picha ya mzee mwenye sharubu za kupinda juu, akaiandika chini jina la jenerali. Walipomuuliza amejuaje kuwa ndiye, alisema, "Uso unakubaliana na tepe."

Mwaka mzima Roswitha alikaa pembeni katika mikutano hiyo, akikata keki yake ya plamu na kumimina kahawa. Wanaume walishika lenzi, wakanong'ona, wakagombana kuhusu rangi ya zambarau. Hakuna aliyegeuza kitu chochote. Mikono ilimwasha.

Septemba ya mwaka uliofuata mji ulijiandaa kwa sikukuu ya kasri lake. Chama kilipewa ukumbi mdogo wa kasri kwa maonyesho, na Daktari Dietze alipewa nusu saa ya kumhutubia meya na wananchi juu ya Jenerali von Drachwitz. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Daktari alibisha mlangoni kwa akina Habedank, amevaa tai, mkononi kashika kile kijisanduku ambamo watu hutiliwa meno ya bandia.

"Bi Habedank," alisema, "kumetokea uchakavu wa kawaida."

Kwenye pamba, safu ilikuwa imefumuka upande mmoja, na tepe mbili zilikuwa zimelowa.

"Hii imetafunwa," alisema Roswitha.

"Ni uzee wa nyuzi."

"Uzee una meno, Daktari? Hektor hajambo?"

Hektor alikuwa mbwa wa Daktari, mfupi wa miguu na mrefu wa tamaa. Daktari alitazama dari. "Hektor," alisema, "ana tumbo dhaifu siku hizi. Tafadhali, shona tu. Usibadilishe kitu."

Alipoondoka, Roswitha aliiweka safu juu ya kitambaa cheupe mezani jikoni, akavaa miwani, akaipindua.

Gernot alikuwa anamenya viazi.

"Gernot, njoo uone. Mkono huu si wa fundi nguo."

"Ni wa nani?"

"Sijui ni wa nani. Najua ulizoea kushona nini. Huu ni uzi wa pamba mnene, umepitishwa juu kwa juu, mishono mirefu, mwishoni fundo la kujikaza lenyewe. Mimi nafunga fundo hili mara moja kwa mwaka. Wewe unalikata kwa kisu na kulalamika limeingia kwenye nyama."

Gernot aliinama, kiazi mkononi. "Bata wa Krismasi!"

"Bata bukini aliyejazwa matofaa. Huyu mtu kashona nishani zake kama anavyoshona tumbo la bata."

Kwa kibano alivuta karatasi ngumu iliyotiwa katikati ili safu isimame wima. Fundi wa kweli angetumia kadi safi. Hii ilikuwa imekatwa kutoka kwenye orodha ya vyakula, iliyochapwa kwa wino wa dhahabu, na yaliyobaki yakasomeka nusunusu: *...samaki wa mtoni kwa siagi... keki ya lozi... aiskrimu ya stroberi...*

"Pengine jenerali alipenda kula," alisema Gernot.

"Majenerali wote wanapenda kula. Nionyeshe mmoja anayeshona."

Aliirudisha ile karatasi mahali pake, akaishona safu kwa uzi uleule na mishono ileile, kwa sababu aliambiwa asibadilishe kitu. Lakini asubuhi yake alivaa koti la kijivu, akaenda kwenye nyumba ya kumbukumbu za serikali, akaomba magazeti ya Hallungen ya zamani za Mtawala wa mwisho aliyeishi kasrini. Alikaa huko asubuhi tatu. Mwanamke wa zamu alidhani anatafuta urithi.

Jambo lililomshangaza lilikuwa jepesi. Kila utepe katika ile safu ulikuwa mgeni. Mwaka fulani alikuja mfalme wa Bulgaria kuwinda: utepe. Akaja mwanamfalme wa Siamu, Thailand ya leo, kuangalia farasi: utepe. Wakaja Waaustria, Warusi, mashangazi wa Mtawala kutoka Hesse. Jenerali anazipata nishani kwa kwenda kwa watu. Mwenye safu hii hakwenda popote. Dunia ilimjia hapahapa kasrini, ikala, ikamshukuru. Na utepe haukusema alishukuriwa kama nani, maana rangi za bwana na za mtumishi zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa kwenye nishani yenyewe, na nishani hazikuwapo tena.

Siku ya tatu alifungua kitabu cha watumishi wa kasri. Maofisa walibadilika, mawaziri walibadilika, hata wake wa Mtawala walibadilika. Waliokuwapo tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho walikuwa wawili tu: Mtawala mwenyewe, na mpishi wa keki, Emil Theodor Rebhahn. Pembeni ya jina la Rebhahn, kwa herufi ndogo, ziliorodheshwa nishani kumi na moja, kwa mpangilio uleule, kuanzia kushoto.

Roswitha alicheka peke yake mle ndani mpaka mwanamke wa zamu akamletea maji.

Jioni alikwenda kwa Daktari. Alimpa kijisanduku kwanza, kisha akamweleza, pole pole, kama mtu anayembandua mtoto plasta ya kidonda. Daktari alisikiliza amesimama. Hektor alisikiliza chini ya kiti.

"Bi Habedank," alisema Daktari mwishoni, "nilikuomba unishonee. Sikukuomba unisomee."

"Ni kweli."

"Miaka ishirini! Farasi wawili walikufa chini ya mtu huyu!"

"Chini ya von Drachwitz, huenda. Chini ya Rebhahn labda trei."

"Fundo la bata si ushahidi!"

"Kitabu je?"

"Vitabu vinakosea."

"Basi na cha maofisa kinakosea."

Daktari alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alionekana kama mmoja wa wagonjwa wake. Roswitha alimhurumia. Akachukua mkoba wake. "Mimi sitasema neno, Daktari. Hotuba ni yako. Ila ukiniuliza, sitakudanganya."

"Sitakuuliza," alisema Daktari.

Siku ya sikukuu soseji zilichomwa uani mwa kasri toka saa nne, na moshi wake ukawasindikiza watu hadi ukumbini. Safu ya jenerali ililala katika sanduku la kioo juu ya mto mwekundu. Juu yake ilining'inia ile picha ya sharubu. Meya alikaa mbele na mnyororo wake shingoni. Roswitha na Gernot walikaa safu ya tatu. Gernot alikuwa ameahidi kutocheka, na kwa ajili hiyo alitafuna kitambaa chake cha mkononi mapema.

Daktari alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa ya kuamrisha watu wapanue midomo, na ukumbi ukatii. Farasi wa kwanza alikufa. Jenerali akainuka, akapanda wa pili. Daktari alinyoosha mkono kana kwamba kashika upanga.

Wakati huohuo mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Sieglinde Rebhahn, mwenye duka la mikate la Mtaa wa Kengele, na trei mbili za keki ya lozi kwa ajili ya wageni. Sieglinde alikuwa amefanya kazi miaka arobaini karibu na mashine ya kukandia unga, na masikio yake yalibaki hukohuko. Aliamini anong'onapo, ananong'ona. Alizitua trei juu ya meza iliyokuwa karibu na sanduku la kioo, akainama kutazama.

"Ala!" alisema, na kioo kikatetemeka. "Si tepe za babu hizi?"

Daktari alisita na upanga wake hewani. "Mama, tafadhali. Tuko vitani."

"Eh?"

"Nasema tuko katikati ya vita!"

"Vita gani? Babu hakwenda vitani, alikuwa na miguu bapa! Hizi ni zake. Tazama, huu wa njano wa Siamu, huu wa wale Warusi. Tunayo picha yake pale dukani, juu ya mashine ya kukatia mkate. Iko pale tangu kabla sijazaliwa."

Watu mia moja na ishirini wakaanza kukumbuka. Maana wote walinunua mkate kwa Sieglinde, na wote, huku wakisubiri ukatwe, walikuwa wameitazama ile picha miaka nenda miaka rudi: mzee mfupi mnene, kavaa koti jeusi la sherehe, kifuani safu ndefu, na mbele yake keki ya sukari yenye umbo la kasri, minara na yote.

"Yule wa keki!" alisema meya kwa sauti, akasahau kuwa yeye ni meya. "Hata mimi namjua! Nikiwa mdogo nilidhani ni mfalme!"

Daktari Dietze alisimama pale mbele. Na yeye alinunua mkate wake pale, kila Jumamosi, kipande kimoja cha mkate mweusi. Ilionekana usoni mwake jinsi ile picha ilivyokuwa ikimjia, mnara mmoja baada ya mwingine. Akatazama safu ya tatu.

"Bi Habedank," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuuliza."

Roswitha alisimama. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, fundo na karatasi na Bulgaria, lakini watu mia na ishirini walimgeukia, akayaacha yote.

"Ni kweli, Daktari," alisema. "Hakuna farasi aliyekufa. Mayai, mengi."

Gernot alikitema kitambaa. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuuzuia ukumbi. Watu walicheka mpaka mnyororo wa meya ukagongagonga, na Sieglinde, aliyekuwa hajasikia kitu, aliona watu wamechangamka akaanza kugawa keki. Daktari alikunja karatasi zake, akaitungua picha ya sharubu, akaitia kwapani na kutoka, kichwa juu. Safu akaiacha palepale.

Roswitha hakuifurahia keki yake. Usiku ule Gernot alipoanza tena kucheka kitandani alimwambia, "Nyamaza. Ungekuwa wewe je, wakwambie treni yako ilikuwa trekta?" Gernot akazima taa.

Oktoba na Novemba hapakuwa na mkutano. Kiti cha mwenyekiti kilikaa kitupu katika hoteli ya Mwerezi, wanachama wakaja wakanywa bia moja moja na kurudi. Ilisemekana Daktari ni mgonjwa. Ilisemekana pia anaonekana kila asubuhi akielekea mjini na begi, kola kaipandisha.

Mwanzoni mwa Desemba alibisha kwa akina Habedank. Tai haikuwapo. Vidole vilikuwa vyeusi kwa vumbi la makaratasi.

"Bi Habedank," alisema, hata salamu hakutoa, "unajua ile ya Siamu aliipata kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Mwanamfalme aliomba keki mara tatu! Mara ya tatu alikwenda mwenyewe jikoni, Rebhahn akiwa na mikono yenye unga, akaivua nishani kifuani mwa mtumishi wake mmoja akampa palepale! Nimesoma barua ya msimamizi wa kasri. Na mfalme wa Bulgaria aliondoka na mapishi yakiwa ndani ya kofia. Mama, huyu mtu ni wa ajabu! Majenerali wapo mia nne. Wapishi wa keki wenye kumi na moja, nimetafuta, hakuna mwingine!"

Alikaa bila kukaribishwa, akamwaga makaratasi mezani juu ya unga wa madonge ya viazi. Alitaka kuandika kijitabu. Na kwa kijitabu alihitaji mtu wa kusoma nyuma za safu, kwa sababu, alisema akikwepa macho yake, ilikuwa imedhihirika kwamba upande huo wa elimu ulikuwa umepuuzwa na baadhi ya watu.

"Na baadhi ya watu ni nani?" aliuliza Gernot kutoka kwenye jiko.

"Habedank, usinisukume."

Roswitha alipangusa mikono. "Nitasoma. Lakini nakuwa mwanachama, mwenye kura na kiti mezani. Na kahawa simimini tena, wala keki sileti."

"Keki italetwa na nani?"

"Na mwenyekiti."

Hivyo ndivyo mji wa Hallungen ulivyopata kijitabu cha kurasa thelathini na nane juu ya Emil Theodor Rebhahn. Daktari alihutubia miji mitatu juu yake kwa sauti ileile ya radi, akinyoosha mkono kana kwamba kashika mwiko, na kila mara alieleza jinsi *sisi* tulivyogundua fundo la bata. Safu yenyewe alimkopesha Sieglinde, ikawekwa dirishani kati ya mikate. Na keki alizoleta chamani kila Jumamosi ya kwanza, kwa mikono yake mwenyewe, zilikuwa ngumu kiasi kwamba mwanachama mmoja alivunja jino, na Daktari akalitengeneza hapohapo mezani akiomba radhi.

Watu wakaanza kuja na safu za wazee wao, wakapita kwa Daktari, wakaenda jikoni kwa Roswitha. Wengi walitaka shujaa. Alijifunza kuwapa kahawa kwanza. Mmoja aliambiwa babu yake hakuwa kamanda, alikuwa mganga wa farasi. Akaondoka kwa hasira, akarudi kesho yake kuuliza farasi gani.

Majira ya kuchipua alikuja mzee wa miaka themanini na mitatu, Traugott Ziegenspeck, na safu ya marehemu baba yake, tepe tatu tu. Alisema baba yake alikuwa mkali, hakuwahi kumwambia mtoto habari yoyote ya vita, na yeye maisha yake yote aliogopa kujua ni watu wangapi waliuawa na mikono ile. Roswitha aliipindua, akaigeuza tena mbele, akakaa nayo. Mbili zilikuwa za kila askari. Ya tatu ilikuwa ya rangi ya chungwa yenye kingo nyeupe.

"Hii ya tatu si ya vita, mzee wangu," alimwambia. "Hii hupewa mtu aliyemwokoa mwenzake asife. Kwa kawaida majini. Anaruka mtoni, anamtoa mtu."

Mzee Traugott aliusogeza ule utepe karibu na macho.

"Baba?" alisema. "Baba yangu? Hakujua kuogelea!"

"Ndiyo maana wakampa nishani," alisema Roswitha, akamsogezea kikombe.